Joto Si Udhuru: Filamu ya Kamera ya Plastiki Pwani ya Kusini

Kamera ya plastiki ni sanduku jepesi lenye lenzi moja ya plastiki, shata ya springi na nafasi ya mkanda wa filamu. Holga, iliyobuniwa na T. M. Lee wa Hong Kong na kutoka mwaka 1982, ndiyo maarufu zaidi; Diana, ya Hong Kong vilevile, ilitangulia katika miaka ya 1960. Hazina kipimamwanga, na fokasi yake ni alama za vichwa vya watu na milima. Anayeipata mojawapo Ukunda, Diani au Msambweni huambiwa mambo matatu: kwamba kidude hicho ni cha watalii, kwamba joto la pwani huharibu filamu, na kwamba kusafisha na kuskani ni kazi ya kupelekewa wataalamu wa Nairobi. Maneno haya yamerudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa elimu. La kwanza ni usahaulifu. La pili ni kosa la kemia. La tatu lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko unavyotangazwa.

Usahaulifu huo uanze kupimwa Likoni, kwa kuwa msafiri wa Kwale anayetoka Mombasa mjini hupitia hapo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na vibanda vya wapiga picha kando ya kivuko, vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, na mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameandika juu yake kwa kirefu. Wateja wake walikuwa wavukaji wa kawaida wa kivuko waliotaka kumbukumbu, na picha zao zilikuwa za filamu. Lamu, Omar Said Bakor alijifunza upigaji picha mwenyewe, akafungua studio, na akawa akiunganisha picha mbili tatu kuwa moja kwa kazi ya chumba cha giza. Mombasa palikuwa na Parekh Studio. Zanzibar, A. C. Gomes alikuwa na studio tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianza utotoni Dar es Salaam kwa Box Brownie iliyokwisha tumika. Brownie ya kwanza, ya mwaka 1900, ilikuwa boksi la kadibodi lililouzwa kwa dola moja ya Marekani. Kwa ubora wa lenzi na uchache wa vidhibiti, Holga ni ndugu yake wa karibu. Mwenye kusema filamu ni ugeni pwani anazungumzia pwani nyingine.

Makosa ya anayeanza hutokea mengi kabla dawa haijaguswa, na hapa ushauri unaosambaa ndio wa kwanza kulaumiwa. Karibu kila maelekezo ya Holga humtaka mtu aweke filamu ya ISO 400. Ushauri huo ulitungwa kwa nchi za mawingu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba kwenye jua kamili, tundu la lenzi likiwa f/16, kasi ya shata huwa sawa na namba ya ISO: filamu ya 400 hutaka sehemu moja ya 400 ya sekunde. Shata ya Holga ni kama sehemu moja ya 100, na tundu lake huwa karibu f/8 au f/11. Kwa hiyo filamu ya 400 kwenye mchanga mweupe wa Diani saa sita mchana hupokea mwanga mara nane au zaidi ya uliotakiwa, na mchanga wenyewe huongeza mwako. Filamu nyeusi-na-nyeupe huvumilia ziada hiyo, ila negativu hutoka nzito, na skana hupata taabu kuipenya. Filamu ya ISO 100 ndiyo ya ufuoni. Ile ya 400 ibaki kwa kivuli: chini ya mikoko ya Gazi, asubuhi ya mawingu ya masika, au Kaya Kinondo kama wazee wameruhusu kamera.

Kamera zenyewe huvujisha mwanga, na jua la ikweta halisamehe mwanya ambao jua la Ulaya lingeuacha. Tepu nyeusi ya mafundi umeme, ikibandikwa kwenye maungio na juu ya kidirisha chekundu cha nyuma, hutosha. Mkanda ukiisha hutolewa kivulini na kukazwa kwa vidole, kwa sababu Holga huuzungusha kwa ulegevu na kingo huchomwa na mwanga. Kwa wale wanaovunja kamera za kutumia mara moja ili kuchukua filamu yake, onyo moja: kamera yenye flashi huwa na kapasita ya volti zinazokaribia 300, ambayo hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Mtu asiyejua kuitoa chaji hiyo asiifungue.

Hatua ngumu kwa mwanafunzi wa pwani ni kuingiza filamu kwenye rili ya tangi la kusafishia, na jambo hili halizungumzwi kabisa na wale wanaolalamikia joto. Katika mfuko wa giza, mikono hutoka jasho ndani ya dakika chache. Filamu ikishika unyevu hunata kwenye rili ya plastiki, hukwama, na ikilazimishwa hujikunja na kuacha alama nyeusi za umbo la mwezi mchanga. Hapa hali ya hewa ni tatizo la kweli. Dawa yake ni kuuacha mfuko na kutumia chumba kizima usiku: dirisha lizibwe kwa blanketi, upenyo wa mlango kwa kanga iliyokunjwa, na mtu akae gizani dakika kadhaa kuhakikisha haoni mkono wake. Rili iwe kavu kabisa, si ile iliyotumika saa moja iliyopita. Mkanda mmoja wa bei ndogo utolewe mhanga kwa mazoezi ya mwangani, kisha kwa macho yaliyofumbwa. Baada ya tangi kufungwa kifuniko, kazi yote iliyobaki hufanyika mwangani, juu ya meza ya jikoni, bila kuhitaji umeme. Stima ikikatika, filamu haina habari.

Sasa joto lenyewe. Majedwali ya watengenezaji huanzia nyuzijoto 20. Maji ya bomba ya pwani ya kusini, yawe ya visima vya Tiwi au ya chemchemi ya Marere, humfikia mtumiaji yakiwa na nyuzi 27 au 28, na wakati wa kaskazi yaliyolala kwenye tangi jeusi la juu ya paa huzidi hapo. Kutokana na tofauti hii ndipo ilipozaliwa hukumu kwamba jelatini ya filamu italainika na picha kubanduka. Hukumu hiyo ilikuwa na msingi zamani, filamu zilipokuwa laini. Ndiyo maana Kodak ilikuwa na dawa maalumu ya nchi za joto, DK-15, yenye salfeti ya sodiamu ya kuzuia jelatini isivimbe. Filamu za leo za viwanda vikubwa hugumishwa kiwandani. Ushahidi uko wazi: mchakato wa filamu za rangi, C-41, ambao Kodak iliuleta mwaka 1972, hufanyika kwenye nyuzi 37.8, na filamu hutoka salama. Filamu inayostahimili karibu nyuzi 38 haiwezi kuyeyushwa na maji ya Ukunda.

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapogeuka kabisa. Anayesafisha rangi London wakati wa baridi hulazimika kuyapandisha maji yake kwa nyuzi 25 au zaidi na kuyashikilia hapo chumbani penye ubaridi. Wa Msambweni ana nyuzi 10 tu za kupanda, na beseni lake halipoi haraka. Kwa kazi ya rangi, pwani ni mahali bora kuliko nyumba nyingi za kaskazini.

Kwa nyeusi-na-nyeupe, tatizo halisi la joto ni muda. Dawa hufanya kazi haraka zaidi kadiri inavyopata moto, na kwa makadirio ya wasafishaji kila nyuzi moja hupunguza muda kwa takriban sehemu ya kumi. D-76, fomula ya mwaka 1927 ambayo ingali dukani, husafisha filamu ya HP5 ya Ilford kwa dakika kama 7 na nusu kwenye nyuzi 20 ikiwa haijazimuliwa. Kwenye nyuzi 28 muda huo hushuka hadi dakika 3 na kidogo, na hapo sekunde chache za kumimina na kumwaga huacha mabaka. Watu wengi waliojaribu na kushindwa walishindwa hapa, wakailaumu hali ya hewa. Walichopaswa kufanya ni kuizimua dawa. Sehemu moja ya D-76 kwa tatu za maji huhitaji dakika kama 20 kwenye nyuzi 20. Kwenye nyuzi 28 huwa karibu dakika 9, muda wa kutosha kulipindua tangi taratibu mara nne mwanzoni mwa kila dakika na kufanya kazi bila pupa. Hayo ni makadirio ya kuanzia, na mkanda wa kwanza ndio utakaosema kama yaongezwe au yapunguzwe. Dawa iliyozimuliwa hutumika mara moja na kumwagwa, hivyo hakuna kuweka mabaki yanayoharibika kwa joto.

Kinachotakiwa kulindwa ni ulingano. Dawa ya kwanza ikiwa nyuzi 28, maji ya kati, hipo (dawa ya kuifanya picha idumu) na maji ya kuoshea viwe nyuzi 28. Filamu iliyotoka kwenye dawa ya vuguvugu ikatumbukizwa ghafla kwenye maji ya friji inaweza kupasukapasuka juu ya uso wake, na mwanafunzi anayepigania nyuzi 20 kwa barafu ndiye aliye hatarini zaidi. Vyupa vyote vikae pamoja kwenye beseni moja kwa nusu saa, na kipimajoto kipite katika kila kimoja. Anayetaka kweli kushuka hadi 24 ana njia: chupa ya maji yaliyogandishwa ndani ya beseni, au barafu ileile ambayo wachuuzi wa samaki hununua. Mtungi hausaidii sana kwa kazi hii, kwani hewa ya pwani imeshiba unyevu na maji hupoa nyuzi chache tu. Julai na Agosti, kusi likivuma, hata chupa hiyo ya barafu huwa haihitajiki.

Lawama nyingine hutupiwa maji ya visima vya matumbawe: yana chokaa, na karibu na ufuo yana chumvi. Kwa kukoroga dawa, lawama ni ya haki. Maji hayo yachemshwe, yapozwe, yaachwe chokaa itue, au yatumike ya mvua. Kwa kuosha, mambo ni kinyume na watu wanavyodhani. Maji ya chumvi huiondoa hipo kwenye jelatini haraka kuliko maji matamu. Jambo hilo liligunduliwa na waliokuwa wakiosha picha kwa maji ya bahari, na dawa za kisasa za kuharakisha uoshaji zina asili hapo. Sharti ni kwamba chumvi yenyewe iondolewe mwishoni kwa maji safi. Hatua ya mwisho kabisa ni kuitumbukiza filamu kwenye maji yasiyo na madini pamoja na tone la sabuni ya maji. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, mradi mnunuzi asome chupa na kuhakikisha hakupewa asidi. Kisha filamu ining'inizwe bafuni, mlango ukiwa umefungwa, muda mfupi baada ya mtu kuoga, vumbi likiwa limetua. Itakauka polepole kuliko Nairobi. Iachwe usiku kucha.

Hipo iliyokwisha tumika isimwagwe uani. Ina fedha iliyotoka kwenye filamu, na ardhi ya Diani ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, unaopitisha kila kitu kuelekea visimani na baharini, ambako tangu 1995 kuna hifadhi ya Diani-Chale. Waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria, ukilowekwa siku kadhaa ndani ya hipo hiyo, huikamata fedha na kuigeuza tope jeusi la kukusanywa. Dawa zisihifadhiwe kamwe kwenye chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Filamu ikishakauka, ndipo unapoonekana udhaifu wa ushauri wa Nairobi. Ukweli wake ni huu: anayetuma mkanda wake kwa basi hapati adha ya dawa, na kwa mtu anayepiga mikanda miwili kwa mwaka hilo linaeleweka. Filamu za slaidi pia, zenye mchakato wa hatua nyingi na uvumilivu mdogo, waachiwe wenye mashine. Lakini mwanafunzi anayepokea mafaili kwenye simu, negativu zikija baadaye au zisije kabisa, hawezi kujifunza lolote. Programu ya mashine ya kuskani hujaribu kuisawazisha kila fremu: nyepesi huitia giza, nzito huing'arisha, kingo huzikata. Kosa la mpiga picha hufichwa, na lile la mashine hupewa mpiga picha.

Negativu haifichi. Ikiwa nyeupe tupu, lakini namba na jina la kiwanda vinasomeka pembeni, dawa ilifanya kazi na hakuna mwanga ulioingia kupitia lenzi. Kwenye Holga sababu ya kawaida ni kifuniko cha lenzi kilichosahaulika, kwa kuwa kioo cha kutazamia hakipiti kwenye lenzi na hakimwonyi mtu. Ikiwa tupu na maandishi ya pembeni hayapo, kamera haina hatia: dawa ilikufa, au hipo ilitangulia. Maandishi yakiwa meusi vizuri na picha hafifu, mwanga ulipungua. Picha na maandishi vyote vikiwa hafifu, muda wa dawa ulikuwa mfupi. Mabaka ya maziwa maana yake hipo haijamaliza kazi, na mkanda unaweza kurudishwa humo hata kesho yake. Mwali wa giza unaoanzia ukingoni na kuingia kwenye picha unaonyesha palipovuja, na tepu ijayo ibandikwe wapi. Dakika tano za kutazama mkanda dirishani humfundisha mtu kuliko mafaili 12 yaliyong'arishwa.

Kuskani nako kumetiwa chumvi. Husemwa kwamba bila skana ya filamu ya bei kubwa hakuna maana. Hesabu inakataa. Fremu ya Holga ni ya milimita 56 kwa 56. Ikiskaniwa kwa nukta 2,400 kwa inchi hutoa picha ya takriban pikseli milioni 28, na kwa 1,200 hutoa milioni 7. Lenzi ya plastiki haina maelezo ya kujaza hata hizo 7. Simu ya pikseli milioni 12, fremu ya mraba ikishakatwa, hubakiwa na kama 9. Kwa hiyo simu iliyomo mfukoni hutosha kwa kamera hii, ingawa isingetosha kwa kamera yenye lenzi nzuri. Udhaifu wa kamera umeshusha gharama ya skana, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuanzia nayo.

Skana za mikahawa ya intaneti ya Ukunda hazifai, na wengi wamezijaribu wakakata tamaa. Hizo ni za karatasi: humulika kutoka chini na kusoma mwanga unaorudi, wakati negativu hutaka mwanga upite ndani yake. Skana ya mezani inayofaa ni yenye taa kwenye kifuniko. Asiyekuwa nayo achukue tableti au simu ya pili, aweke skrini nyeupe, aiinue negativu sentimita mbili tatu juu yake ili vinukta vya skrini visionekane, azibe pembeni kwa kadi nyeusi, azime taa za chumba na apige kutoka juu, simu ikiwa sambamba kabisa na filamu. Upande unaong'aa utazame simu. Jina la matatu au la ngalawa likisomeka kinyumenyume, filamu imegeuzwa. Mfiduo wa simu ufungwe usibadilike fremu hadi fremu. Kisha rangi hugeuzwa kwa programu ya kuhariri, hata ya bure kama GIMP. Negativu ya rangi ina utando wa rangi ya chungwa unaotaka kuondolewa kwanza, na ndiyo sababu inafaa kuanza na nyeusi-na-nyeupe. Vumbi lifutwe kwa kipuliza kabla ya kupiga, kwani teknolojia ya infraredi ya skana ghali, inayosifiwa kwa kuondoa vumbi, haifanyi kazi kwenye filamu ya fedha.

Lipo jambo moja ambalo wapinzani wangeweza kulishikilia na hawalishiki: upatikanaji. Mikanda ya 120, saizi ya Holga, na dawa hazikai kwenye rafu za maduka ya Ukunda; huagizwa, na huchelewa. Hicho ni kikwazo cha biashara, na kinawapata wenye kamera ghali sawasawa. Wanaoanza Diani, Msambweni na Gazi waagize kwa pamoja, dawa ya unga badala ya majimaji kwa kuwa husafiri na kudumu vizuri zaidi, na kabla ya kufikiria kamera bora wanunue kipimajoto.